Mbona Muislamu wa picha la Kihindi siku hizi lazima awe gaidi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Mimi nimelelewa na bibi ambae alikua hapitwi na picha la Kihindi. Zile za zamani nakumbuka Waislamu walikuwemo kibao, wana heshima zao, wanaimba kawali, ni marafiki wa stelingi. Saivi nikiangalia na wanangu, akitokea tu mtu ana kofia na wanja machoni najua hapo kuna bomu. Wahindi wamebadilika au mimi ndo nilikua mtoto sioni? Na mbona mastaa wao wakubwa wote ni akina Khan? Na watoto niwawekee zipi?"

Dada, ulikua unaona vizuri na pia kuna vitu vilikua vinakupita, yote mawili kwa pamoja. Sasa kaa mkao wa kusoma maana hili halijibiki kwa mistari miwili.

Kwanza tuelewane, nikisema Mhindi namaanisha mtu wa India, nikisema Mhindu ni wa ile dini, ambao bibi yako bila shaka alikua anawaita Mabaniani. Kwa sensa yao ya 2011 Wahindu ni karibu asilimia 80, Waislamu asilimia 14.2, ambayo kwa ukubwa wa India ni watu kama milioni 172, yani hao "wachache" ukiwapa nchi yao peke yao ingekua moja ya nchi kubwa kabisa za Kiislamu duniani. Wakristo ni 2.3, Masingasinga 1.7.

Msimamo wangu nautoa mapema usije ukasoma mpaka chini ndo ugundue hatuelewani. Nimefundisha hizi filamu miaka mingi na ninavoona mimi, Muislamu wa zamani na Muislamu wa saivi ni mtu yule yule aliyekalishwa kwenye mtihani ule ule, mtihani wa kuthibitisha kama anaipenda nchi. Zamani alikua anafaulu, tena kwa maksi za juu mpaka ukumbi mzima unatoa machozi. Siku hizi anafelishwa. Ila mtihani wenyewe haujawahi kufutwa, na Mhindu hajawahi kuambiwa aufanye.

Twende huko zamani. Sinema ya India ilianza na hadithi za kidini, 1913 Dadasaheb Phalke alitoa Raja Harishchandra ambayo ni kisa cha mfalme kutoka vitabu vya Kihindu. Lakini sauti ilipoingia 1931 na Alam Ara, aliyeitengeneza alikua Mparsi (jamii ndogo ya India yenye asili ya Uajemi na dini yake), Ardeshir Irani, na maneno ya filamu yalichotwa kwenye michezo ya jukwaani ya Waparsi ambayo ilikua imelowa Kiurdu, lugha yenye maneno mengi ya Kiarabu kama Kiswahili chetu. Ndo maana bibi yako alikua anadaka dunia, habari, wakati, bila kufundishwa na mtu. Washairi wa nyimbo, watunzi wa muziki, waandishi wa maongezi, Waislamu walijaa kule nyuma ya kamera kuliko idadi yao kwenye nchi. Kuna wimbo mmoja kwenye Baiju Bawra ya 1952, Man Tarpat Hari Darshan, ni wimbo wa ibada ya Kihindu kabisa, mtu anamlilia Mungu wake amuone, Wahindu mpaka leo wanaupigia mikono hekaluni. Aliyeandika maneno ni Shakeel Badayuni, aliyetunga muziki ni Naushad, aliyeimba ni Mohammed Rafi. Waislamu watatu.

Halafu angalia majina ya mbele ya kamera. Dilip Kumar alizaliwa Peshawar akaitwa Yusuf Khan. Madhubala ni Mumtaz Jehan. Meena Kumari ni Mahjabeen Bano. Nargis ni Fatima Rashid. Sio wote walificha kwa hofu, mengine yalikua majina ya biashara tu, na kila mtu mtaani alikua anajua nani ni nani, lakini mazoea yenyewe yanakwambia kitu, kwamba sura ya mpendwa wa taifa ilitakiwa ije na jina ambalo halimshtui mtu wa asilimia 80. (Kuna kituko kimoja hapa siwezi kukiacha: yule mtunzi mkubwa wa muziki A. R. Rahman alizaliwa akiitwa Dileep Kumar, akaslimu akawa Rahman. Yani Yusuf akawa Dilip, Dileep akawa Rahman, kila mmoja na zama zake.)

Sasa Waislamu uliokua unawaona kwenye picha za bibi walikua wa aina gani? Walikua wa kifahari sana au wa kujitolea sana. Wa kifahari ndo wale wa Chaudhvin Ka Chand ya 1960, Mere Mehboob ya 1963, Pakeezah ya 1972, Umrao Jaan ya 1981, mji ni Lucknow au unafanana na Lucknow, wanaume ni watoto wa ukoo wanaongea mashairi, wanawake wana shela na sauti za kuua, mapazia, mishumaa, barua za siri. Nazipenda sana hizo filamu, sibishani na uzuri wake. Ila ni dunia ambayo imeshakufa kabla filamu haijaanza, ni Uislamu wa makumbusho. Wakati huo huo Waislamu wenyewe wa India wengi walikua mafundi, wafumaji, wachuuzi, madereva, na ile ripoti ya Kamati ya Sachar ya 2006 iliyoagizwa na serikali yao wenyewe ilionesha walivobaki nyuma kwenye elimu na ajira za serikali. Fundi cherehani wa Kiislamu mwenye deni la duka, anaehangaika na ada, huyo kwenye sinema ni nadra kumuona.

Halafu kuna Mughal-e-Azam, 1960, ya K. Asif. Inaanza na ramani ya India inaongea yenyewe, inasema mimi ni Hindustan, alafu inamsifu Akbar mfalme wa Kimughal kama mmoja wa walioipenda India. Ndani ya kasri la huyo mfalme Muislamu inafanyika sherehe ya kuzaliwa Krishna, mungu wa Kihindu. Fikiria mwaka wenyewe, ni miaka 13 tu tangu nchi igawanywe India na Pakistan 1947, watu wamechinjana kwenye matreni, na filamu kubwa kuliko zote inawaambia watazamaji huyu Muislamu mtawala alikua wetu. Ni tendo zuri. Lakini hata huko Akbar ni wetu kwasababu amekubali vya kwetu.

Na sasa wa kujitolea. Chukua Sholay ya 1975, hii najua bibi yako ameiona. Kuna yule mzee kipofu, imamu wa kijiji, Rahim Chacha. Mwanae Ahmed anauliwa na majambazi wa Gabbar Singh, maiti inarudi kijijini juu ya farasi. Wanakijiji wanaogopa, wanataka wale mastelingi wawili, Jai na Veeru, wakabidhiwe kwa Gabbar ili yaishe. Mzee huyo aliyefiwa ndo anawanyamazisha, anasema atamuuliza Mungu kwa nini hakumpa watoto wengine wa kufa mashahidi kwa ajili ya kijiji, adhana inalia, anaondoka na fimbo yake kwenda kuswali. Mimi hapo machozi hunitoka mpaka leo. Lakini jiulize kwa nini ni mtoto wa imamu. Utaniambia hata Jai anakufa, hata familia ya Thakur, yule bwana mkubwa wa kijiji, imemalizwa karibu yote, ni kweli, ila hao wanakufa kwa visasi vyao na urafiki wao, hakuna anaesimama mbele ya kijiji kutamka kwamba damu ya mwanae ni mchango. Huyu mmoja tu ndo anasema, na akishasema, anaruhusiwa kupendwa.

Miaka miwili baadae ikaja Amar Akbar Anthony ya Manmohan Desai, ambayo huku kwetu kila mtu anaijua hata kama haijui. Ndugu watatu wanapotezana siku ya uhuru, tarehe 15 Agosti, mmoja analelewa na polisi Mhindu, mmoja na fundi cherehani Muislamu, mmoja na padri. Wakikua wanakutana hospitali bila kujuana wanamtolea damu mama mmoja kipofu, mirija mitatu inapanda juu kwa pamoja inaingia kwenye mkono wa mama, kitu ambacho daktari yeyote atakicheka, na mama mwenyewe anaitwa Bharati, yani ni India mwenyewe amelala pale. Watu wanaipenda kama filamu ya umoja wa dini na kweli ni ya umoja. Ila angalia vizuri. Watoto wote watatu wamezaliwa Wahindu. Muislamu na Mkristo ni ndugu kwasababu asili yao ni ya nyumba ile ile, wakarudi. Na yule mkubwa, Amar, ndo polisi, ndo sheria, wakati Akbar ni mwimba kawali na Anthony ni mtu wa gongo na vituko. Tena kila mmoja anampata demu wa dini aliyolelewa, hakuna aliyevuka ukuta.

Yani hata kwenye furaha ile kubwa kuna mwenye nyumba na kuna wageni wapendwa. Sio chuki hiyo, ni mpangilio wa viti. Na haikua lazima iwe hivo, maana Amitabh Bachchan mwenyewe, yule aliyecheza Anthony, alicheza Coolie 1983 kama Iqbal, Muislamu stelingi kabisa, mpagazi wa stesheni na beji yake namba 786 (namba ya Bismillah), na watu wakajaa kumbini.

Filamu moja ya zama hizo ilikataa huo mpangilio, ni Garm Hava ya M. S. Sathyu, ya 1973. Salim Mirza ana kiwanda kidogo cha viatu Agra, amechezwa na Balraj Sahni, ndugu zake mmoja mmoja wanahamia Pakistan baada ya mgawanyo, yeye hataki. Benki hazimkopeshi maana nani anajua kama kesho hatavuka mpaka. Nyumba ilikua kwa jina la kaka aliyeondoka, serikali inaichukua. Anashtakiwa ujasusi. Hapo hamna nawabu, yani bwana mkubwa wa ukoo, hamna kawali ya mapambo (kuna moja kwenye kaburi la walii, inauma), ni mzee anaehesabu pesa za ngozi na kutafuta nyumba ya kupanga. Bodi ya ukaguzi iliizuia kwa miezi wakiogopa fujo, baadae ikaruhusiwa na ikapewa tuzo ya taifa ya filamu ya kuleta umoja, we cheka tu. Balraj Sahni alifariki muda mfupi baada ya kumaliza kuingiza sauti yake, hakuiona ikitoka.

Sasa ilibadilika lini? Watu wengi watakwambia ni waziri mkuu Modi na chama chake cha siasa za Kihindu, walioingia 2014. Hapana, geuka nyuma zaidi. Kati ya 1987 na 1988 televisheni ya serikali ilirusha Ramayan, tamthilia ya mungu Rama ya Ramanand Sagar, kila Jumapili asubuhi, nchi ilikua inasimama, na wakati huo huo harakati za kudai hekalu la Rama pale Ayodhya zinapanda moto. Tarehe 6 Desemba 1992 msikiti wa Babri uliokuwa hapo hapo Ayodhya ukabomolewa na umati wa Wahindu, Bombay (saivi Mumbai) ikawaka moto wa vurugu za dini Desemba na Januari, na tarehe 12 Machi 1993 yakalipuka mabomu mfululizo mji ule ule. Bombay, mji unaotengeneza hizo filamu. Haikuwezekana sinema ibaki kama ilivokua.

Ila kuna filamu ilitangulia kwa miezi michache, Roja ya Mani Ratnam, Agosti 1992, ya Kitamil ila ikatafsiriwa Kihindi ikasambaa nchi nzima. Stelingi ametekwa na wapiganaji Kashmir, eneo ambalo India na Pakistan wanagombania, wanaichoma bendera ya India, yeye na pingu zake anajirusha kuuzima moto kwa mwili wake, na kamera inakatakata kati ya huyo anaeungua na mpiganaji Liaqat anaeswali kimya kimya pembeni. Hakuna neno baya linalotamkwa kuhusu Uislamu. Ni kata tu, bendera, swala, bendera, swala. Mimi nikiulizwa ni wapi gaidi mwenye kofia alizaliwa kwenye sinema ile nataja hapo, kwasababu kuanzia hapo swala ikawa alama ya hatari, mtengenezaji filamu yeyote mvivu akitaka kukutisha anamuonesha mtu anasujudu na muziki mzito nyuma yake. Mani Ratnam mwenyewe hakua mtu wa chuki, 1995 akatoa Bombay, kijana Mhindu na binti wa Kiislamu wanapendana wanakimbilia mjini wanakutana na zile vurugu, filamu inalia kwa pande zote. Nyumba yake ikarushiwa mabomu mwaka huo huo.

Baada ya vita vya Kargil 1999 kati ya India na Pakistan ndo yakaja mafuriko. Hata hivo filamu nzuri zilijaribu kukubali kwamba mtihani upo. Sarfarosh ya 1999 ina polisi mmoja anaitwa Salim, anajua kazi kuliko wote, anatiliwa shaka na wakubwa wake kwa jina lake tu, na kuna pahala anapasuka, anamwambia stelingi usimwambie tena Salim yeyote kwamba hii nchi sio nyumba yake. Chak De! India ya 2007 ni hivo hivo, Kabir Khan anakosa penati ya hoki dhidi ya Pakistan, anapigwa picha akimpa mkono kapteni wa Pakistan, ukuta wa nyumba yake unaandikwa msaliti. Miaka saba baadae anarudi kama kocha wa timu ya wanawake kuileta India kombe la dunia. Nimesema nzuri na narudia nzuri. Ila hata humo, Muislamu kapata msamaha kwa kushinda kombe. Angetoa sare je?

Mapenzi nayo yana upande wake, na hili ukilijua hutaliacha kuliona. Kijana Mhindu au Singasinga akimpenda binti wa Kiislamu, filamu inasonga na watu wanashangilia: Bombay, Gadar ya 2001, Veer-Zaara ya 2004. Geuza sasa, kijana Muislamu na binti Mhindu. Jodhaa Akbar ya 2008 ilipata upinzani mpaka ikakosa kuoneshwa Rajasthan. My Name Is Khan ya 2010, mama Mhindu aliyeolewa na Khan anampoteza mwanae, anauliwa na wanafunzi kwa lile jina la baba wa kambo. Kedarnath ya 2018, mpagazi Muislamu na binti wa kuhani, wilaya kadhaa za Uttarakhand ziliipiga marufuku, na sisi tumezoea stelingi hauawi lakini Mansoor anabebwa na mafuriko. Mwanamke anaingizwa kwa Wahindu, hatoki kwa Wahindu, ndo sheria isiyoandikwa. Alafu mwaka 2020 Uttar Pradesh wakaleta sheria ya kubana watu kubadili dini kwa ajili ya ndoa, sasa ikawa imeandikwa karibu na hapo.

Mpaka hapa nimekua naongelea wachache, lakini swali lako lina nusu nyingine ambayo hukuiuliza, wengi wenyewe wanaonekanaje? Hapa ndo patamu. Fikiria Hum Aapke Hain Koun ya 1994 na Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, harusi, mabinti wanafunga siku nzima kuombea waume zao mpaka mwezi utoke, chumba cha ibada ndani ya jumba, familia ya tabaka la juu, hela haiulizwi imetoka wapi. Hakuna hata mmoja aliyesema hii ni filamu ya Kihindu. Ilikua inaitwa filamu ya familia. Ukabila wa wengi huwa hauna jina, unaitwa tu maisha. Na pesa ilisukuma huko pia: kuanzia 1997 kumbi za kisasa zenye skrini nyingi zikaanza kufunguliwa, ya kwanza Delhi, tiketi ikapanda, kumbi za zamani za uswahilini zikafungwa moja moja, na wanaonunua tiketi ya bei wakawa watu wa kipato kule India pamoja na Wahindi wa London na New Jersey wanaotaka kuwaonesha watoto wao mila. Mpagazi wa Bombay aliyekua anapiga miluzi Coolie inapooneshwa, hakuna tena anaemtungia hadithi kwasababu haingii ukumbini.

Kutoka hapo ndo unafika leo. Historia ikageuzwa. Yule Akbar wa 1960 aliyekua wetu, nafasi yake ameshika mfalme Muislamu mla nyama kwa meno. Padmaavat ya 2018 inamuonesha Khilji, sultani wa Delhi, gizani, nywele timutimu, wanja, anararua mnofu, na Marajputi, wale wapiganaji wa Kihindu wa Rajasthan, kwenye mwanga, wasafi, wanaongea kwa hekima. Cha kuchekesha waliofanya fujo kuipinga walikua ni Marajputi wakidai wao ndo wametukanwa. Februari 2025 ikaja Chhaava, mfalme wa Kimughal Aurangzeb anamtesa Sambhaji, mfalme Mhindu, kwa muda mrefu kwenye skrini, na mwezi uliofuata Nagpur kukawa na ghasia juu ya kaburi la Aurangzeb, mtu aliyekufa 1707, na waziri kiongozi wa Maharashtra mwenyewe akasema ile filamu iliamsha hasira za watu.

The Kashmir Files ya Machi 2022 inataka umakini, usinielewe vibaya. Pandit wa Kashmir ni Wahindu waliofukuzwa na vitisho na mauaji bondeni kule kuanzia 1990, walipoteza makwao kweli, na kule bondeni wao ndo walikua wachache. Walistahili filamu miaka mingi kabla. Tatizo ni filamu yenyewe ilivomfanya kila jirani Muislamu awe mshiriki, mpaka mtoto, hamna hata mmoja wa kuaminika, wakati kulikua na Waislamu waliouliwa na wapiganaji hao hao. Machungu ya wachache wa Kashmir yakachukuliwa yakawa silaha ya wengi wa India. Waziri mkuu akaisifia, majimbo kadhaa ya chama chake yakaisamehe kodi ya tiketi, na Novemba mwaka huo kwenye tamasha la Goa mwenyekiti wa majaji, Nadav Lapid wa Israel, akasimama jukwaani akaiita propaganda. The Kerala Story ya 2023 ndo kabisa, tangazo lake lilidai wanawake 32,000 wa Kerala, jimbo la kusini, waliingizwa kwenye ugaidi, wakabanwa ikashuka wakasema ni kisa cha wanawake watatu, Mahakama ya Juu ya India ikawaamuru waweke maelezo kwamba ile namba haina ushahidi. Kutoka 32,000 mpaka watatu, na bado iliingiza hela nyingi mno.

Kuhusu akina Khan sasa. Shah Rukh, Salman na Aamir wote wamezaliwa 1965 na wametawala miaka thelathini, ni kweli, na wanaotetea sinema yao huwa wanakutupia hilo usoni kwamba mbona tunawapenda. Ila wanapendwa wakiwa nani? Shah Rukh alijengwa akiwa Raj na Rahul. Salman ni Prem. Majina ya Kihindu, familia za Kihindu, na ile My Name Is Khan ya Shah Rukh ilipotoka 2010 watu wa Shiv Sena, chama cha siasa cha Kihindu cha Mumbai, walitishia kumbi za Mumbai, kisa alisema wachezaji kriketi wa Pakistan wangestahili kusajiliwa. Hata Pathaan ya 2023 iliyovunja rekodi, jamaa anaitwa Pathaan lakini ukifuatilia ni yatima aliyeachwa kwenye ukumbi wa sinema, hajui wazazi wala dini yao, jina kapewa na wanakijiji wa Afghanistan aliowaokoa. Ujanja mzuri, naupigia saluti, lakini ni ujanja. Na hiyo hiyo ilitaka kuzuiwa kwasababu ya rangi ya chupi ya kuogelea ya mwigizaji Deepika kwenye wimbo mmoja, rangi ya zafarani, ambayo Wahindu wanaitukuza.

Wakristo na Masingasinga nitapita haraka maana hali yao inafanana ila nyepesi: Mkristo ni Anthony mlevi mwenye roho nzuri, au ni msichana wa gauni fupi anaecheza klabu, Singasinga ni wa kuchekesha au ni askari shujaa, na 1984 Masingasinga walipouliwa maelfu Delhi sinema kubwa ilinyamaza, Maachis ya Gulzar ilikuja 1996.

Na sisi huku tulikua tunaona nini? Nadhani tuliona filamu nyingine kabisa. Bibi zetu wa Tanga, Unguja na Mombasa waliziona hizi picha hawajui lugha, wakachukua nyimbo (Juma Bhalo alijenga nusu ya taarabu yake kwa mahadhi ya Kihindi), wakachukua adabu ya mtoto kwa mama, alama za nani ni dini gani nyingi zilipita juu. Halafu kwenye vibanda umiza wakaja kina Lufufu, na Kenya DJ Afro, wanatafsiri kwa nguvu zote, humo watu wanakua stelingi na adui basi, adui akiwa na kofia ni adui mwenye kofia, hamna siasa ya Ayodhya ndani yake. Kwa miaka ile hiyo ilitukinga. Saivi watoto wako wanaona kwenye simu, zina maandishi ya Kiingereza chini, wanaelewa kila neno, na wana jina la Kiislamu au la Kikristo au jirani mwenye jina hilo. Kabla hatujawacheka Wahindi pia, angalia Bongo muvi na Nollywood wanavomfanya mganga na mzimu wake, tangu Living in Bondage ya 1992 mpaka leo mtu wa dini ya jadi ni shetani moja kwa moja na hakuna anaelalamika.

Za watoto basi. Anza na 3 Idiots ya 2009, na humo kuna Farhan Qureshi, mmoja wa wale watatu, ambae shida yake ni baba anaetaka asome uhandisi wakati yeye anataka kupiga picha wanyama. Muislamu, ana baba mkali, basi. Hajaulizwa kitu na mtu. Nikitaka kupima filamu huwa naangalia hicho tu, kama kuna mtu wa dini ndogo anaruhusiwa kuwa na shida ya kawaida. Gully Boy ya 2019 pia, Murad wa Dharavi, mtaa wa mabanda Mumbai, anataka kurap, baba yake kaleta mke wa pili, demu wake ana wivu wa kupasua chupa, na wote Waislamu, wote watu, ila ina lugha chafu kidogo kwa hiyo wawe wameshavuka darasa la saba. Mulk ya 2018 kaa nao ukiangalia, familia ya Kiislamu inashtakiwa kwa kosa la kijana wao mmoja, na mkishamaliza waulize kwa nini wakili anaewatetea ni mkwe wao Mhindu na sio mtu wa familia yenyewe, utaona watakavobishana. Garm Hava iangalie wewe kwanza peke yako, ipo mtandaoni iliyosafishwa picha na sauti, watoto wasubiri mpaka form three hivi, yale yanayomkuta binti wa yule mzee, Amina, ni mazito.